Aliyeng'oa Nguzo za Mji wa Wafupi

Mjukuu wangu Minza,

Asubuhi uliniuliza kwa nini kabati limeinama, nikakujibu sakafu imechoka. Sakafu haijachoka. Nimetoa kile kipande cha gogo kilichokuwa kinashikilia mguu wake mfupi. Nimekifunga kwenye kitenge changu cha bluu, kiko juu ya begi lako pamoja na barua hii. Usikifungue kwanza. Soma.

Anayeandika ni Mama Devota, mwandiko wake unaujua. Alitaka kuanza na salamu nyingi zisizo na idadi na kuuliza hali. Nimemwambia hali ya Minza naijua, nalala naye chumba kimoja, na salamu tutapeana mlangoni. Nimemwambia pia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Mimi darasa sikuliona hata kwa dirishani, baba yangu alinikabidhi ng'ombe. Lakini ninachotaka kukwambia hakihitaji shule. Kinahitaji mtu asiyeona haya, na haya zangu zimeisha leo mchana.

Wewe sasa hivi umekwenda Buhongwa kumuaga rafiki yako. Utarudi jua likiwa linazama, na kesho asubuhi ni feri. Sitakuandikia mambo ya kuanika godoro, wala ya chakula kilicholala, wala ya mwanamume anayekuita mchumba siku ya kwanza. Hayo nimekupigia kelele miaka ishirini na zaidi. Kama hayakuingia, hayaingii leo.

Nataka kukusimulia hadithi ya Wafupi.

Najua unaijua. Juzi ulipokata simu ulinirukia shingoni kule jikoni. "Bibi! Wamenipangia kazi Taa Nyingi! Kumbe mji wa Wafupi upo kweli?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilikuwa nakata kitunguu. Kitunguu kiliisha, nikaendelea kukata ubao.

Upo, mama. Mwisho wake ndio niliokudanganya.

Nilikuwa nakwambia hivi, unakumbuka. Nyuma ya Sengerema waliishi watu wafupi, kimo chao kiunoni kwangu. Hawakuzaliwa hivyo. Wa kwanza wao alikuwa mrefu, alikuwa analima viazi, jembe likagonga jiwe, jiwe likameta. Akainama kulitazama, asiinuke tena. Watoto wake wakazaliwa wameinama, wajukuu wakawa wafupi kabisa, vumbi limewaota kidevuni kama ndevu, na kila mmoja ana taa kwenye paji la uso. Wakachimba mji chini ya ardhi. Ulikuwa na mitaa na soko na kanisa lenye kengele ya chuma, na jioni mwanga wake ulipenya kwenye nyufa za mawe, hata watu warefu wakauita Taa Nyingi. Mfalme wao alikuwa na sheria moja tu: beba mawe utakayo, nguzo usiguse. Siku moja Mfupi mmoja mwenye njaa akang'oa nguzo. Mji ukazama. Na mpaka leo Wafupi wako huko chini, wanagonga, wanatafuta njia.

Kila nikifika hapo uliuliza swali moja. "Bibi, huyo aliyeng'oa nguzo hakuwa na jina?"

Nakujibu hakuwa na jina.

"Alikuwa mjinga sana."

Nakujibu sana.

Minza, jina alikuwa nalo. Wakimwita Mama Masele.

Mama Devota ameweka kalamu chini. Anasema, "Sijakuelewa, Mama Masele." Nimemwambia andika, utaelewa mbele ya safari, wewe na huyo mtoto pamoja.

Taa Nyingi niliiona ikizaliwa. Ilikuwa mashamba ya mihogo na viazi na kilima chenye miti. Mtu mmoja akaokota jiwe, na kabla ya wiki mbili kwisha kulikuwa na maturubai mpaka kwenye korongo. Walikuja watu wa kila lugha, Wasukuma, Wahaya, Wajita, Waluo kutoka Mara, walimu walioacha chaki, wavuvi walioacha nyavu. Maturubai yakawa mabati. Pakawa na kanisa, kinyozi, banda la video, baa tatu zinazopigana kwa spika. Jenereta zilipowashwa jioni, mtu aliyekuwa barabarani kule mbali aliona kilima kizima kinang'aa, akadhani ni mji mkubwa wa siku nyingi. Hata sisi tulidhani hivyo. Tulizungumza kana kwamba tutazikwa pale, tena kwa heshima.

Nilikwenda na baba yako. Mama yako alikuwa ameshatutoka kwa homa, wewe hata meno huna. Masele alisema, "Mama, twende, nitachimba, utapika, mtoto atakua." Nikakufunga mgongoni tukaenda.

Baba yako hakuwa mpiga mwamba. Alikuwa fundi wa matimba. Matimba ni yale magogo wanayosimamisha ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, ili kuta na dari visije chini. Alikata mwenyewe, alichonga mwenyewe, na mwisho wa kila gogo alipiga panga mara tatu, chale tatu zimelala pamoja. Nilimuuliza za nini. Akasema, "Ili nikizikuta gizani nizijue ni zangu, nipite bila woga." Alikuwa mrefu wa kuinama mlangoni, yule. Baada ya mwaka mmoja wa kuzama na kupanda alikuwa anatembea ameinama hata juani, hata kanisani. Hapo ndipo nilipowapata Wafupi wangu, mama. Sikuwatunga. Nilikuwa nawapakulia ugali.

Mimi nilikuwa mamantilie, na nilikuwa na kiburi cha sufuria. Hilo nalo lijue. Jirani yangu mmoja, mama wa Kijita, alipika vizuri kuliko mimi. Mimi nilimshinda kwa kuwahi. Watu walipotoka kuzama alfajiri, maharage yangu yalikuwa tayari yanachemka, yake bado anapuliza moto. "Mama Masele, wewe unalala na jiko?" Wanacheka, wanakaa kwangu. Nilikuwa naisikia raha ile mpaka kwenye magoti.

Sasa kuni zikaisha. Kilima kile chote kiliingia kwenye maduara na kwenye majiko yetu, kikabaki kipara. Kupata mzigo mmoja wa kuni ilikuwa kutembea nusu siku. Ndipo akaja jamaa mmoja wa mkokoteni, tulimwita Sharubu. Akaniletea magogo makavu, yamenyooka, mazito. Nikanunua bila kutazama. Yaliwaka vizuri ajabu. Siku ile nilimaliza chakula kabla ya wote.

Siku ya pili nikatazama. Nilikuwa nasukuma gogo jikoni, nikaona mwisho wake. Chale tatu.

Nilimwita Sharubu nikamwonyesha. Hakushtuka. "Hayo yametoka duara la zamani, mama. Duara limekufa. Marehemu unamtandikia kitanda cha nini?" Akacheka, na mimi nikacheka. Nikwambie ukweli wote, nilicheka kweli.

Lakini wiki ile ile baba yako alikuwa ameniambia akiwa anakula, wewe umekaa kwenye paja lake unamchota maharage kwa vidole. Alisema, "Mama, huko chini tumetobokeana na duara lililokufa. Ukuta umebaki kama kibao cha mlango. Matimba yangu ya zamani ndiyo yanatushika sasa." Alisema kama mtu anayejisifu kidogo. Kwa hiyo nilijua. Sikudhani, sikuhisi. Nilijua, na gogo likiwa mkononi.

Nikavua aproni, nikakuacha kwa yule mama wa Kijita, nikapanda mpaka kwenye duara.

Wakati ule mwanamke hakuruhusiwa kukaribia mdomo wa duara. Walisema dhahabu ina wivu, ikisikia mwanamke inazama chini zaidi. Walikuwa wamefunga kamba ya katani kuzunguka, na mwanamke aliishia hapo. Nikasimama kwenye kamba. Kijana wa winchi akaniona. "Mama, hapo hapo! Unataka kutufukuzia mali?"

Nikamwambia namtaka Masele.

"Yuko chini. Kuna ujumbe?"

Minza, nimeisikia sauti ile kila siku ya maisha yangu. *Kuna ujumbe?* Alinisubiri, wala hakuwa mkali. Nilikuwa na ujumbe mfupi kuliko salamu: matimba yanatolewa, pandeni. Lakini nikafikiri, watauliza nimejuaje. Watakuja kwenye jiko langu, watazikuta zile chale kwenye majivu. Watamuua Sharubu, watachoma banda langu, na yule mama wa Kijita atauza peke yake. Nilifikiri hayo yote, nimesimama kwenye kamba, jua linaniwakia.

Nikasema, "Mwambie chakula kiko tayari."

Nikashuka. Na kesho yake Sharubu alipokuja nikanunua tena, kwa sababu ukishanyamaza mara moja, mara ya pili inakuwa kazi ya kawaida tu, kama kuosha vyombo.

Mvua ilinyesha siku mbili. Siku ya tatu saa nne asubuhi jua lilitoka, watu wakashangilia, wakazama. Nilikuwa nakoroga. Sikusikia kishindo. Watu husema kishindo, mimi sikusikia. Niliona mfuniko wa sufuria unatetemeka, nikafikiri maharage yamechemka. Halafu kilima kikakaa. Hivyo tu, kama mtu aliyechoka anavyokaa. Duara la baba yako, na la jirani, na la jirani wa jirani, kwa sababu chini kwa chini yote yalikuwa yameshakuwa nyumba moja. Na chini ya sufuria yangu gogo lake lilikuwa bado linawaka.

Watu walichimba kwa majembe, kwa sahani, kwa mikono. Siku ile kamba ilikatwa, hakuna aliyeuliza nani mwanamke. Nilichimba mpaka kucha zikatoka. Na tulisikia wanagonga. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Kila mtu alisema ni wa kwake. Mimi nilinyamaza, nilikuwa najua ni nani anayehesabu tatu. Siku nzima, na ya pili mpaka mchana. Halafu hawakugonga tena. Mtu akasema, "Labda wamelala."

Wakubwa wakaja, wakasema ardhi bado inatembea, pafukiwe, pawe kaburi. Padri akabariki udongo. Mji ule uliopanda kwa wiki mbili haukumaliza mwezi. Watu waling'oa mabati, waling'oa misumari ya mabati, walibeba mabenchi ya kanisa. Sharubu sikumwona tena. Siku tuliyoondoka hapakuwa na taa hata moja, mafiga tu, mamia ya mafiga yamekaa matatu matatu kama watu wanaongojea kupakuliwa. Kwenye majivu ya jiko langu nikaokota kipande kilichokuwa hakijamalizika kuungua.

Nilifika hapa Igogo nimekubeba. Mwanamke mmoja akanipa uji na kigoda, akauliza, "Baba wa huyu mtoto yuko wapi?" Nilikuwa nimekaa nalitazama ziwa. Nikasema, "Ziwa." Akaniongezea uji. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Mtu aliyechukuliwa na ziwa, hapa kwetu, hakuna anayeuliza alichukuliwaje.

Mwanamke yule ndiye huyu anayeandika. Amevua miwani. Anasema, "Miaka yote hii, Mama Masele, mimi namwombea mtu wa ziwani." Nimemwambia Mungu anajua kufikisha. Anasema, "Nyamaza, usinitanie leo." Lakini ameshika kalamu tena. Jirani ni huyo, mwanamke mwenzangu, mwingine angeshakwenda kuitangaza kisimani.

Kwa hiyo, Minza, kila siku ya marehemu ulipochuma yale maua ya ukutani na kupanda juu ya mawe na kuyarusha majini, baba yako hakuwemo mle. Nilisimama nyuma yako nimeshika viatu vyako. Ulipokuwa darasa la kwanza ulisukuma sahani ya sato, ukasema, "Hawa ndio waliomla baba." Nikaona mdomo wangu unafunguka, nikaona unajifunga. Tangu siku ile hujala samaki wala dagaa. Mtoto wa Igogo asiyekula samaki! Watu wanakucheka, unawajibu kuwa unaumwa tumbo. Nikawa nakupikia maharage. Maharage, mama, nikasimama juu ya jiko nayakoroga, miaka yote hii.

Unanicheka kwamba bibi wa shamba amezikataa kuni, anataka mkaa kama mke wa bosi. Sasa unajua. Na hata mkaa nautazama kabla sijautia moto.

Na lile jambo jingine, ambalo ni baya kuliko uongo wa ziwa. Mvua kubwa ikipiga na mawe ya huku juu yakigonga-gonga usiku, ulikuwa unaogopa. Nilikwambia, "Ni Wafupi wanagonga, lala." Nawe ukalala. Nilikubembeleza kwa mlio ule. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Labda nilitaka mtu mwingine mmoja aujue, bila kujua anachojua.

Basi. Unakwenda pale na vipimo vyako, na kofia yako ngumu niliyokucheka. Utashuka kwenye maduara ya zamani useme papi pachimbwe tena na papi paachwe. Mwanamke, tena mwanangu, anashuka duara la Taa Nyingi, na watu wazima wanangoja neno lake juu. Nilipolielewa hilo juzi, pale kwenye kitunguu, ndipo nilipoanza kukata ubao. Nilifikiri kukukataza. Nilikuwa nimeshatunga na sababu, moyo unaniuma, usiniache. Ningekudanganya mara ya tatu, na ungebaki. Lakini nimechoka, na wewe hustahili kukanyaga kichwa cha baba yako ukidhani ni udongo.

Sina la kukufundisha kuhusu mawe, umeyasomea. Ninachokijua ni kidogo. Itafika siku utasimama kwenye kamba yako, kutakuwa na mtu anauliza kama una ujumbe, na utakuwa nao. Utakuwa na jiko lako pia, sijui litakuwa jiko gani, cheo au bosi au rafiki, na utaliona linaungua ukisema. Mimi nililiokoa jiko langu. Lilidumu siku tatu.

Na ukikuta huko chini gogo lenye chale tatu limesimama, liache. Liguse tu, umsalimie. Mwambie Mama alifika mpaka kwenye kamba.

Mama Devota alisema barua kama hii mtu humpa msafiri akaisomee njiani. Nimekataa. Nikufiche tena mpaka uwe katikati ya maji, ambako huwezi kurudi kunitukana? Nataka uisome hapa hapa, leo, ukiwa umekaa kitandani, mimi nikiwa ng'ambo ya ukuta. Kama una neno, njoo uliseme usoni kwangu. Kama unataka kulala kwa Mama Devota, mlango wake ameshaufungua, na asubuhi begi lako nitalibeba mimi mpaka ferini, hata kama hunisemeshi. Nitatembea nyuma.

Sasa fungua kitenge. Sehemu iliyoungua ni kazi yangu. Chale ni kazi yake. Kipande hicho umekikalia ulipokuwa mdogo ukisikiliza hadithi, na kimeshikilia nguo zako zote tangu ukiwa shule. Sikujua pa kukiweka pengine ila chini ya kitu kisichotakiwa kuanguka.

Mimi niko jikoni. Nimenunua sato wawili asubuhi pale mwaloni wavuvi wanaposhusha, wa kwanza tangu uliposukuma ile sahani. Mafuta yamepata moto. Nitakaanga wote, wako nitamfunika na sahani ya bluu, na sitakuita.

Ukija ukala, utakuja ukala. Usipokuja, sitauliza. Lakini samaki hawana kosa, mama. Hawajamgusa baba yako. Jiko langu ndilo lililomla.

Bibi yako,
Mama Masele